Tunawasha sisi, tunasingizia kadari

 

Leo nataka kuzungumzia moto. Sio moto wa Akhera ambao tumezoea kuusikia katika hutuba za Ijumaa, bali huu wa kiberiti. Huu tunaouwasha wenyewe kwa furaha katika misimu ya shangwe, kisha ukiunguza mali ya mtu tunakuwa wepesi wa kusema ni upepo, ni bahati mbaya, ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Na nitaanza na nafsi yangu, kwa sababu katika jambo hili mimi ni mshitakiwa kabla sijawa mwalimu.

Mimi ni mtoto wa Newala, juu ukingoni mwa uwanda wa Makonde, ambako ukisimama Shimo la Mungu unaiona nchi ikishuka chini hadi bonde la Ruvuma. Kwa kazi nafundisha Maarifa ya Uislamu sekondari, huku chini Masasi. Kwetu mvulana akitiwa jandoni hukaa na wenzake katika kibanda cha porini, likumbi. Siku ya kutoka wari hunyolewa, huogeshwa, huvishwa nguo mpya, halafu kibanda kile huchomwa moto na vilivyomo. Watoto huambiwa wakimbie kuelekea nyumbani na wasitazame nyuma. Maana yake ni kwamba utoto umeungua huko, usiurudie. Mwaka 1998 nami nilikimbia hivyo. Nililisikia joto mgongoni, na sikutazama nyuma.

Wapo wanaouliza kama mila hiyo yote inafaa kubakia katika jamii ya Waislamu. Masheikh wamelizungumza hilo na wataendelea kulizungumza. Tohara ni sunna, na mengine yana hukumu zake. Mada yangu leo ni moto.

Miaka mitatu iliyopita ilikuwa zamu ya mtoto wa dada yangu. Anayetufahamu sisi Wamakonde anajua uzito wa mjomba. Nilichangia gharama, nikaombwa pia nisome dua. Siku hizi jando limebanwa na likizo ya shule, kwa hiyo watoto waliingia Juni na walitakiwa watoke mwanzoni mwa Julai kabla shule hazijafunguliwa.

Zamani zetu, kijijini kwetu, kibanda kilichomwa alfajiri, umande ungali kwenye majani. Wazee walikuwa wamekwisha fagia uwanja na kufyeka nyasi pembeni, na wawili watatu walibaki nyuma mpaka jivu lipoe. Hakuna aliyetuambia kwamba huo ulikuwa utaratibu wa kuzuia hatari. Tulidhani ni mila tu.

Safari hii gari lililokuwa likileta spika na jenereta kutoka Masasi lilichelewa. Mpiga video naye alitaka jua lipande. Basi likumbi likachomwa saa nane mchana, upepo wa kusi ukivuma, nyasi zimeshakauka. Vijana wakaja na petroli ndani ya chupa ya maji, wakasema moto lazima upendeze. Niliwaona. Nilikuwa hatua kumi tu kutoka pale. Nilitaka kusema neno, nikaogopa kuambiwa kwamba msomi amekuja kutuharibia shughuli. Nikanyamaza.

Moto ulivuka uwanja kwa dakika chache, ukaingia katika shamba la bibi mmoja mjane, jirani yetu. Mikorosho yake 14 iliungua. Ni wakati ambao mikorosho inaanza kuchipua na kujiandaa kutoa maua, na bibi alikuwa amekwisha nunua salfa ya kupulizia. Maji ya kuzimia hayakuwepo. Uwanda ule hauna mto, maji husukumwa kwa mitambo kutoka mabondeni, na mara nyingi mtu hununua kwa ndoo. Hakuna mwenye maji ya kumwaga. Tulipambana kwa matawi mabichi na mchanga, na spika bado zilikuwa zinaimba.

Jioni wazee walikaa. Mmoja akasema upepo hauna mwenyewe. Mwingine akasema ni kadari. Wakanigeukia mimi, mwalimu wa dini, nifunge kikao. Nikainua mikono, nikamshukuru Allah kwamba hakuna aliyeumia, nikamuombea bibi subira. Watu wakaitikia amin, tukala pilau, shauri likaisha.

Ndugu msomaji, dua ile nimeifikiria mara nyingi. Maneno yake hayakuwa mabaya. Ubaya ni kazi iliyofanya. Ilimziba mdomo mwenye haki. Bibi angedai vipi mikorosho yake, wakati mwalimu amekwisha sema mbele ya watu kwamba ni mipango ya Mungu?

Nia na dhamana

Swali la kujiuliza ni hili: je, mtu anabeba jukumu la jambo ambalo hakulikusudia?

Wengi wetu jibu letu ni hapana, na ushahidi wetu ni hadithi mashuhuri kwamba amali huzingatiwa kwa nia. Hadithi ni sahihi, lakini tunaipeleka mahali pasipo pake. Wanazuoni wa fiqhi wametenganisha mambo mawili, dhambi na dhamana. Dhambi ni baina ya mja na Mola wake, na hapo nia ina uzito wake. Dhamana ni haki ya mwenzako. Hapo huulizwa kilichoharibika ni nini, na ni kitendo cha nani kilichokiharibu.

Tazama Suratun Nisaa aya ya 92. Inamzungumzia aliyemuua muumini kwa kukosea, mtu ambaye hakukusudia kabisa. Pamoja na hayo anawajibika kutoa kafara, na diya inapelekwa kwa jamaa wa marehemu, isipokuwa wao wenyewe waamue kusamehe. Zingatia hapo, wanaosamehe ni wao. Msamaha ni mali ya aliyeumizwa. Sisi katika kikao kile tulijisamehe wenyewe kwa niaba ya bibi, naye hatukumuuliza.

Tazama pia kisa cha Nabii Daudi na Nabii Sulaiman (a.s.) katika Suratul Anbiyaa, aya ya 78 na 79. Mifugo ya watu iliingia usiku katika shamba la watu wengine ikaharibu. Mitume wawili walikaa kuhukumu juu ya mazao ya mkulima. Hawakusema kwamba wanyama hawana akili, wala kwamba usiku ule ulikwisha andikwa. Na imepokewa katika Muwatta na Sunan Abi Daud kwamba ngamia wa Al-Baraa bin Azib (r.a.) aliharibu bustani ya watu, na Mtume (s.a.w.) akahukumu kwamba wenye bustani wazilinde mchana, na wenye mifugo wawajibike kwa kinachoharibiwa usiku. Kila mmoja alipewa sehemu yake ya kulinda.

Ama kuhusu moto wenyewe, mafakihi hawakutuacha gizani. Ibn Qudama katika kitabu chake Al-Mughni ni miongoni mwa walioeleza. Mtu akiwasha moto katika ardhi yake kwa kiasi cha kawaida, kisha cheche ikaruka kwa jirani bila uzembe wake, hatozwi. Lakini akichupa mpaka, kwa mfano akauwasha mkubwa kupita kiasi au akauwasha wakati upepo ni mkali, huyo analipa.

Ndugu zangu, tazameni uadilifu huo. Upepo, ambao sisi wazee na wasomi wa kikao tuliufanya udhuru, kwa mafakihi ndio ushahidi dhidi yetu. Tuliuona ukivuma, tukawasha.

Na hao wanaosema kadari, je, wanajua zaidi kuliko Umar bin Khattab (r.a.)? Alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari kwamba huko kuna tauni, aliamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar akamjibu kwamba anaikimbia kadari ya Allah kwenda katika kadari ya Allah. Kisa hiki kimo katika Sahih Bukhari. Kuamini kadari hakukumzuia kuchukua tahadhari. Kusubiri mpaka alfajiri ni kadari. Kufyeka nyasi ni kadari. Kwa nini sisi kadari tunaikumbuka baada ya moto tu?

Mtume (s.a.w.) alipoelezwa habari ya nyumba iliyoungua usiku mjini Madina na watu wake wakiwa ndani, aliwafahamisha maswahaba kwamba moto ni adui yao, na kwamba wanapolala wauzime. Rehema zilizoje! Hakuishia kuwapa pole waliofikwa. Aliwafundisha wengine namna ya kujikinga.

Mjini nako

Msomaji wa Masasi mjini, Mtwara, Tanga au Dar es Salaam asidhani haya ni mambo ya porini. Mjini likumbi letu ni tairi bovu. Usiku wa mkesha wa mwaka mpya vijana huburuta matairi hadi barabarani, huyamwagia petroli, huyazunguka kwa kelele, huwarushia wapita njia fataki. Karibu kila mwisho wa mwaka polisi hutangaza kwamba ni marufuku kuchoma matairi. Asubuhi ya Januari mosi alama nyeusi ziko juu ya lami. Huku kwetu mkesha huo unakuja katika msimu wa fedha za korosho, kwa hiyo petroli ya kununua haikosekani.

Mwaka mmoja moto wa tairi ulishika kibanda cha mama lishe, turubai na meza zake zikaisha. Miongoni mwa waliotajwa walikuwemo wanafunzi wangu wawili. Niliwaita. Wa kwanza akasema, "Ustadhi, mimi nilileta tairi tu, sikuwasha." Wa pili akasema, "Mimi niliwasha, lakini petroli haikuwa yangu." Kwa maelezo yao, kibanda kile hakikuunguzwa na mtu. Nikataka kuwakaripia, nikakumbuka kikao cha wazee na upepo usio na mwenyewe. Walikuwa wanazungumza lugha yetu.

Tunajua lugha hiyo inafika wapi. Januari 2013 mgogoro baina ya vijana wa bodaboda na polisi hapa Masasi uligeuka kuwa ghasia. Majengo ya umma, ofisi za chama na nyumba za viongozi zikachomwa, na watu wakapoteza maisha. Sisemi kwamba ghasia zile zilitokana na jando au na mkesha. Zilikuwa na sababu zake, na malalamiko ya wananchi ni mlango mwingine. Ninachosema ni kwamba kijana aliyezoea kwamba moto wa wengi hauna mwenyewe, siku akikasirika hana kinachomzuia. Katika Suratul Baqara aya ya 205 Allah (s.w.) anatueleza habari ya mtu anayekwenda huku na huku katika ardhi akiharibu mimea na viumbe, kisha anatutanabahisha kwamba Yeye hapendi uharibifu. Mikorosho ni mimea. Kibanda cha mama lishe ni riziki ya viumbe.

Baadhi ya ndugu zetu hujibu kwa mkato: mwaka mpya sio sikukuu yetu, haituhusu. Ni kweli sikukuu zetu ni mbili. Lakini wanaoburuta matairi ni akina nani? Majina yao ni Salum, Hamisi na Abdallah. Mchana walikuwa madrasa. Na usiku wa kuamkia Idd, ambayo ni yetu, hao hao hupasua baruti za vichwa vya kiberiti mlangoni kwa wagonjwa na wazee. Katika hadithi ya Nu'man bin Bashir (r.a.), Mtume (s.a.w.) alitupigia mfano wa watu walio ndani ya chombo baharini, wa chini wakataka kutoboa sehemu yao ili wapate maji bila kuwasumbua wa juu. Wa juu wakiwaacha wataangamia wote, wakiwazuia wataokoka wote. Waliotoboa hawakuwa na nia mbaya. Walitaka maji tu.

Tufanye nini?

Kwanza, tusidhani kwamba dawa ni marufuku peke yake. Sheria ipo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu cha 319 inampa anayechoma jengo kwa makusudi adhabu inayoweza kufika kifungo cha maisha, na kifungu cha 321 kinagusa mazao na miti. Lakini sheria hiyo inamtafuta mwenye kusudi. Hasara kubwa ya misimu ya shangwe inaletwa na watu wasio na kusudi, na hao ni kazi yetu sisi wazazi, walimu na maimamu.

Pili, tukubali kwamba mila inaweza kurekebishwa. Wamisionari wa Kianglikana hapa Masasi, akiwemo Askofu Vincent Lucas, walipoona jando halifutiki waliliingiza katika utaratibu wa kanisa lao. Walimu wetu wa Kiislamu nao hawakubaki nyuma, walilisomea maulidi na dua. Kama tuliweza kuingiza kisomo, tutashindwaje kuingiza jembe la kufyekea nyasi? Kule Makunduchi, Unguja, kila Julai katika Mwaka Kogwa huchomwa kibanda cha makuti kilichojengwa kwa kazi hiyo, na jirani wakashiriki kuwaokoa waliomo. Siingii katika hukumu yake ya kidini. Nasema tu kwamba hata penye ngoma, moto una mahali pake, una wazee wake, na una funzo la kumsaidia jirani aliyeunguliwa.

Kwa hiyo, likumbi likichomwa, lichomwe alfajiri. Gari la spika likichelewa, lichelewe. Uwanja ufyekwe, na mwenye shamba la jirani aombwe idhini siku kadhaa kabla. Wateuliwe kwa majina wazee wa kubaki mpaka jivu lipoe, na kabla ya kuwasha itajwe mbele ya watu wote nani atalipa moto ukivuka. Naamini likitajwa hilo, petroli haitatoka chupani.

Mijini, maimamu wasingoje hutuba ya baada ya tukio. Ijumaa ya mwisho ya Desemba, na siku za mwisho za Ramadhani, wazungumze na vijana. Misikiti iwape jambo la kufanya usiku huo, darasa, chakula, hata mpira wa taa, maana kijana hakatazwi kwa kuachiwa barabara tupu. Kila nyumba ijue namba ya Zimamoto, 114. Na moto ukishaunguza, mzazi asikimbilie kumficha mwanawe. Amshike mkono, wakamkabili mwenye mali pamoja.

Hilo la mwisho nimelichelewesha mimi mwenyewe. Ulipita mwaka mzima na zaidi kabla sijakwenda kwa bibi yule. Nilikwenda na mpwa wangu, na miche ya mikorosho, na fedha kiasi nilizojaaliwa. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba mjukuu wangu, akatutandikia mkeka. Nilipomaliza kueleza alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Mimi sikutaka kumdai mwari. Lakini siku ile mlisoma dua, mkala, mkaondoka. Hata pole hamkuja kunipa."

Sikuwa na jibu. Miche alipokea. Fedha alisema nusu yake ni yake, nusu tuwape vijana waje kufyeka ukanda kuzunguka shamba kabla ya Julai nyingine. Bibi ana umri mkubwa. Mkorosho huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi, na huchukua miaka mingi zaidi kufikia uzazi wake kamili. Mwenyezi Mungu ampe umri, lakini mimi najua kwamba deni lile sijalimaliza.

Tulipokuwa tunaondoka nilimsimamisha mpwa wangu penye kona ya njia. Nikamwambia ageuke aitazame mikorosho ile iliyobaki magogo meusi. Jandoni aliambiwa asitazame nyuma. Mimi mjomba wake nilimwambia atazame, na nikatazama naye.

Allah (s.w.) atupe ujasiri wa kusema kabla kiberiti hakijawashwa, na atuwezeshe kulipa haki za watu tukiwa bado hapa duniani. Wabillahi tawfiq.